Mchochota wa figo: nani anapiga yowe, na kwa nini dawa ya maumivu haimnyamazishi

Mtu akitoka hospitali na majibu yanayosema kwamba figo zake zina "inflamesheni", mara nyingi kituo kinachofuata ni duka la dawa. Hoja yake ina mantiki kwa nje: inflamesheni ni uvimbe, dawa za kuondoa uvimbe zinajulikana, na diklofenaki au ibuprofeni hupatikana bila maswali mengi. Mwingine hukimbilia antibiotiki akidhani ana UTI iliyojificha, na mwingine hununua chupa ya mitishamba iliyoandikwa "husafisha figo". Wote watatu wanaongozwa na picha moja, kwamba ndani ya figo pana kitu kilichovimba kinachohitaji kutulizwa kama goti au jino. Picha hiyo haitoshi, na kwa upande wa dawa za maumivu inaweza kuiumiza figo ileile ambayo mtu alikuwa anajaribu kuiokoa.

Kinachoendelea ndani ni mawasiliano. Seli za figo zenyewe hutuma ujumbe wa kuita chembe za kinga ya mwili, na ujumbe huo usipokoma, walioitwa huharibu kile walichokuja kukilinda. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni nani anayetuma ujumbe na amechokozwa na nini. Swali la dawa huja baadaye.

Maneno manne kwanza

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Nefroni huanza na kifundo cha mishipa myembamba sana ya damu, ambamo maji na taka huchujwa, kisha huendelea kama mrija mrefu uliojipinda ambao kazi yake ni kurudisha mwilini vitu vinavyofaa: maji, chumvi, sukari na protini chache zilizoponyoka. Figo mbili za mtu mzima huchuja karibu lita 180 kwa siku, na katika hizo ni lita moja au mbili tu zinazotoka kama mkojo. Maana yake ni kwamba seli zinazojenga kuta za mirija hiyo hufanya kazi nzito usiku na mchana, hutumia oksijeni nyingi, na hukutana na kila kilichopita kwenye chujio, kiwe chema au kibaya. Msomaji azikumbuke seli hizi, kwa sababu katika habari hii zina sehemu kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Mchochota, ambao hospitalini huitwa inflamesheni, ni mwitikio wa kinga ya mwili dhidi ya jeraha au kijidudu: mishipa ya damu hupanuka na kuvuja kidogo, chembe nyeupe huingia mahali palipoumia, na kazi ya kusafisha na kukarabati huanza. Kwenye ngozi tunauona kwa wekundu, joto, uvimbe na maumivu. Kwenye figo hatuuoni, na mara nyingi hatuuhisi, kwa kuwa neva za maumivu zimejaa kwenye ganda la nje na kwenye njia ya kutolea mkojo kuliko ndani ya nyama ya figo. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo bila kuumwa kiuno hata siku moja, ilhali mwenzake anayelalamikia kiuno kila jioni akapimwa na kukutwa na figo nzima kabisa.

Saitokini ni protini ndogo ambazo seli moja huzimwaga ili kuziarifu nyingine. Na njia ya mawasiliano ya seli ni mfululizo wa protini zinazopokezana taarifa kuanzia kwenye kipokezi kilichopo katika utando wa nje hadi kwenye kiini, ambako jeni fulani huwashwa au kuzimwa. Njia hizi ni nyingi na zinaingiliana, lakini moja ikieleweka vizuri, nyingine hazitishi.

Kuanzia kwenye bakteria

Tuanze na hali iliyo nyepesi kueleweka. Bakteria aina ya E. coli wamepanda kutoka kwenye kibofu hadi kwenye figo. Mgonjwa ana homa kali, anatetemeka, kiuno kinauma upande mmoja. Kwenye seli za mirija ya figo kuna kipokezi kiitwacho TLR4, ambacho hutambua kipande cha mafuta na sukari kilichomo katika ganda la bakteria wa aina hii. Vipokezi vya ukoo huu vilianza kueleweka kupitia nzi wadogo wa matunda, katika kazi ya Jules Hoffmann nchini Ufaransa mwaka 1996. Miaka miwili baadaye Bruce Beutler wa Marekani akaonyesha katika panya kwamba TLR4 ndiyo inayotambua ganda hilo la bakteria, na wote wawili wakawa miongoni mwa washindi wa tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2011.

TLR4 ikiguswa, taarifa hupita kwa protini kadhaa ndani ya seli hadi kuifikia moja iitwayo NF-κB, iliyogunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore walipokuwa wakichunguza chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili. Siku za kawaida NF-κB hukaa nje ya kiini, imeshikwa na protini nyingine iitwayo IκB inayoizuia kuingia. Taarifa ya hatari inapofika, IκB hutiwa alama ya fosfati, hupelekwa kwenye mashine ya seli ya kukatakata protini, na kumalizwa. NF-κB iliyoachiwa huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za saitokini pamoja na jeni ya MCP-1, protini inayozivuta chembe nyeupe kutoka kwenye damu. Yote haya huchukua dakika, hayasubiri siku. Sehemu inayonivutia zaidi ni kwamba miongoni mwa jeni zinazowashwa imo ya IκB yenyewe: NF-κB huagiza kutengenezwa kwa yule atakayekuja kuikamata na kuitoa nje ya kiini. Amri ya kuanza imebeba ndani yake amri ya kuacha.

Aliyekulia kijijini anakijua kitu cha namna hii kwa jina la yowe. Mwizi akionekana, mwenye nyumba hupiga yowe, na kila anayelisikia hutoka nje, hulipokea kwa sauti yake na kukimbilia linakotoka. Desturi hiyo huokoa mali na maisha, lakini ina masharti mawili: awepo mwizi kweli, na yowe likome akishakamatwa. Masharti hayo yasipotimia, umati hubaki gizani ukikanyaga mahindi ya mwenye shamba.

Kwa mgonjwa wetu wa bakteria masharti yote mawili yanatimia. Antibiotiki sahihi huwaua bakteria, TLR4 hukosa cha kugusa, IκB hurudi kazini, na figo hupona. Hapa ndipo antibiotiki ina mahali pake halali. Kosa ni kudhani kila mchochota wa figo uko hivi.

Yowe bila mwizi

Fikiria mtu aliyeharisha na kutapika siku mbili bila kunywa maji ya kutosha, au mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua. Damu inayofika kwenye figo hupungua, na seli za mirija, ambazo haziwezi kukaa muda mrefu bila oksijeni, huanza kufa. Seli ikipasuka, vitu ambavyo kwa kawaida hubaki ndani yake humwagika nje, na TLR4 ileile iliyotambua bakteria hutambua baadhi ya vitu hivyo kama ishara ya hatari. NF-κB huachiwa na chembe nyeupe huitwa, ingawa hakuna kijidudu hata kimoja. Antibiotiki hapa haina wa kumuua, na baadhi yake, kama gentamaisini, huwa sumu kwa seli hizohizo za mirija.

Kuna pia mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi au maumivu ya koo kutokana na bakteria aina ya streptokoka, ambaye wiki moja hadi sita baadaye uso unavimba na mkojo unakuwa na rangi ya chai ya rangi au soda ya kola. Bakteria hawako kwenye figo. Kilichokwama kwenye chujio ni mafungamano ya kingamwili na mabaki ya bakteria, nayo huamsha protini za damu zinazoshirikiana na kinga. Kwa watoto wengi hali hii hupoa yenyewe chini ya uangalizi wa daktari.

Taabu kubwa iko kwenye kisukari na presha, magonjwa mawili yanayoongoza duniani katika kuwafikisha watu kwenye mashine ya kusafisha damu. Hapa mchokozi haji na kuondoka. Yupo kila siku kwa miaka. Sukari iliyozidi hujishikiza kwenye protini za mwili na kuzigeuza umbo, na seli za figo zina vipokezi vinavyozisoma protini hizo kama hatari. Homoni ya anjiotensini II, ambayo wengi huijua kwa kazi yake ya kubana mishipa ya damu, hufanya jambo la pili ambalo halisemwi mara nyingi: hushika kipokezi chake kwenye seli za figo na kuamsha NF-κB. Presha ndani ya vifundo vya kuchuja ikipanda, chujio hulegea na kuanza kupitisha albumini, protini kuu ya damu.

Hapa inafaa tutazame kwa karibu. Albumini iliyoponyoka huteremka kwenye mrija. Seli ya ukuta wa mrija, ambayo imezoea kuokota protini chache tu, huimeza na kuivunja ndani ya vifuko vyake. Ikija kidogo hakuna shida. Ikija kwa wingi, saa baada ya saa, seli huelemewa, huachia NF-κB, na kuanza kumwaga MCP-1 kupitia mgongo wake, upande usiotazamana na mkojo, kwenye nafasi iliyo kati ya mirija. Chembe nyeupe zilizokuwa zikipita kwenye damu hujipenyeza humo na kugeuka makrofaji, yaani chembe kubwa zinazomeza uchafu, nazo hutoa saitokini zao zinazoichokoza tena seli ileile. Kwa maneno mengine, protini kwenye mkojo ni dalili kwamba chujio limeharibika, na papo hapo ni sababu ya mrija ulio mbele yake kuharibika.

Mwili unapokuwa na jeraha lisilofunga, huamua kulijaza kovu. Kazi hii huongozwa kwa sehemu kubwa na njia nyingine, ya saitokini iitwayo TGF-beta, inayoziamuru seli za kati ya mirija kumwaga kolajeni, protini ngumu inayojenga kovu. Kwenye ngozi kovu halina madhara makubwa. Kwenye figo kovu huchukua nafasi ya nefroni, na nefroni mpya hazitengenezwi: binadamu humaliza kuziunda akiwa tumboni mwa mama, karibu na wiki ya 36 ya ujauzito. Zinazobaki hubeba mzigo wa zilizokufa, presha ndani yake hupanda, nazo huanza kuvuja.

Kwa nini diklofenaki haisaidii

Dawa za kundi la diklofenaki na ibuprofeni huzuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini. Kwenye goti, prostaglandini ndizo huleta maumivu na uvimbe, hivyo zikipungua mtu hupata nafuu. Kwenye njia tuliyoifuata hapo juu zipo mbali chini ya mkondo: dawa hizi hazimwondoi mchokozi, na kwa dozi za kawaida hazikomeshi wito wa NF-κB.

Kwenye figo, tena, prostaglandini zina kazi nyingine ya maana. Mwili ukiwa na upungufu wa maji, au moyo ukiwa dhaifu, au figo zikiwa tayari zimechoka, prostaglandini huuweka wazi mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio. Zikizuiwa, mshipa hujibana na damu ya kuchujwa hupungua. Kijana mwenye afya aliyemeza vidonge viwili kwa ajili ya jino kwa kawaida hatapata shida. Lakini mzee anayetumia enalaprili au losatani kwa ajili ya presha, pamoja na ile dawa ya kukojoa, akiongeza diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya magoti, ameibana figo kutoka pande tatu kwa wakati mmoja: dawa ya kukojoa imepunguza maji, diklofenaki imebana mlango wa kuingilia, na enalaprili imelegeza wa kutokea. Kreatinini yake, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu ili kujua figo zinachuja vipi, inaweza kupanda ndani ya siku chache. Asiache dawa ya presha kwa hofu. Kinachopaswa kuachwa ni diklofenaki.

Zipo dawa zinazoifikia NF-κB yenyewe. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, hupenya ndani ya seli, hushikana na kipokezi kilichomo humo, na pamoja na mambo mengine huzuia NF-κB kuwasha jeni za saitokini. Ndiyo maana huwasaidia sana watoto wanaovimba mwili kwa kupoteza protini nyingi kwenye mkojo, na wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wake yenyewe, ikiwa imeshika figo. Mbona basi wasipewe wote? Kwa sababu steroidi hupandisha sukari na presha, na mwenye kisukari angekuwa anazima ujumbe kwa mkono mmoja na kumchochea mtumaji kwa mwingine. Pia huacha mwili wazi kwa maambukizi.

Wengine huuliza kwa nini wanasayansi wasitengeneze dawa ya kuifunga NF-κB moja kwa moja, mwili mzima. Mwaka 1995 watafiti waliwaondolea panya sehemu kuu ya NF-κB, na panya hao walikufa wakiwa bado tumboni, ini likiwa limejaa seli zilizojiua. Protini hiyohiyo inayoleta mchochota huzilinda seli zisife. Kuna funzo jingine kutoka kwa bardoksoloni, dawa iliyolenga njia ya seli inayopunguza msongo wa oksijeni na mchochota. Vipimo vya awali vilitia moyo, lakini jaribio kubwa kwa watu wenye kisukari na figo zilizochoka sana lilisimamishwa Oktoba 2012 kwa sababu waliopewa dawa walipata moyo kushindwa kufanya kazi kuliko wenzao. Kwa maoni yangu habari ya namna hii ingesimuliwa kwa kila anayetangaza bidhaa ya "kuondoa inflamesheni yote mwilini".

Dawa zilizothibitika kuchelewesha uharibifu wa figo hazina neno mchochota kwenye jina lake. Kaptoprili mwaka 1993 kwa kisukari cha aina ya kwanza, na losatani mwaka 2001 kwa aina ya pili, zilionyesha kwamba kuizuia anjiotensini II huokoa figo. Zinashusha presha ya chujio, albumini inayovuja inapungua, na seli za mirija hupumzika kupiga yowe. Mwaka 2020 dapaglifozini, iliyobuniwa kama dawa ya sukari, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa figo 4,304, wenye kisukari na wasio nacho, na ikapunguza kwa asilimia 39 matukio makubwa yaliyokuwa yakihesabiwa: figo kushuka vibaya, kushindwa kabisa, au kifo kinachotokana na figo au moyo. Nayo hushusha presha ndani ya chujio na kuipunguzia mirija kazi ya kurudisha sukari na chumvi. Mgonjwa anayelalamika kwamba ana tatizo la figo lakini amepewa "dawa ya presha tu" huenda amepewa kitu kinachogusa chanzo kuliko chochote ambacho angenunua mwenyewe.

Ipo sababu nyingine ya kutomlaumu kila mgonjwa kwa chakula au uzembe. Mwaka 2010 ilibainika kwamba aina mbili za jeni iitwayo APOL1, zinazopatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika na zaidi Afrika Magharibi, huongeza sana hatari ya ugonjwa wa figo kwa mtu aliyerithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi. Aina hizo zilienea kwa sababu husaidia kupambana na vimelea vya malale vinavyosambazwa na mbung'o. Kurithi peke yake mara nyingi hakutoshi. Virusi vinapoingia, VVU hasa, mwili hutoa intaferoni, ujumbe wa kinga dhidi ya virusi, na intaferoni huzifanya seli za chujio zitengeneze APOL1 kwa wingi hadi zidhurike. Dawa za ARV, kwa kunyamazisha virusi, hupunguza ujumbe huo, na ugonjwa wa figo unaotokana na VVU umepungua sana kwa wanaozitumia.

Maji, mitishamba na kijiti cha mkojo

Maji mengi hayaoshi mchochota. Nchini Kanada, utafiti uliotolewa mwaka 2018 uliwahimiza wagonjwa wa figo waongeze maji kwa mwaka mzima, na figo zao zilishuka kwa kasi ileile ya wasiohimizwa. Kunywa maji ya kutosha hulinda dhidi ya mawe na upungufu wa maji, na hilo ni jambo jema. Ila mtu ambaye figo zake zimeshindwa kutoa maji anaweza kuzama kwa ushauri huohuo.

Kuhusu mitishamba, tukio la Brussels lilieleza mengi. Mwaka 1993 madaktari wa huko waliripoti wanawake waliopata figo kufa haraka baada ya kutumia vidonge vya mimea vya kupunguza unene kutoka kliniki moja. Mmea wa ukoo wa Aristolochia ulikuwa umeingia kwenye mchanganyiko, na asidi yake hupenya kwenye seli za mirija, huharibu vinasaba vyake na kuacha makovu, na kwa baadhi ya wagonjwa saratani ya njia ya mkojo. Mmea ukiwa wa asili haina maana kwamba mrija wa figo utaupokea kwa wema.

Mwisho ni kipimo. Kijiti cha mkojo kinachotumika zahanati kina kibandiko cha njano kinachogeuka kijani kikikutana na protini, lakini hugundua pale inapokuwa nyingi kiasi. Albumini kidogo, ile inayoanza kuichokoza mirija miaka kadhaa kabla kreatinini haijapanda, hukipita bila kubadili rangi. Kipimo cha uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo ndicho hukiona kiasi hicho, na uwiano wa miligramu 30 au zaidi kwa gramu, ukirudiwa kwa miezi mitatu, huhesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa wa figo. Mwenye kisukari cha aina ya pili hupaswa kupimwa hivyo tangu anapogundulika, kisha kila mwaka; mwenye aina ya kwanza huanza baada ya miaka mitano.